Mzee wako akianza kushika ukuta: namna ya kuusoma mwendo wake na kumrudishia miguu

Kesho mzee wako akinyanyuka kwenye kiti kwenda chumbani usimsaidie, usimsemeshe, kaa pembeni umwangalie tu. Anajisukuma kwa mikono ndo anyanyuke? Akishasimama anatulia kwanza kama anasubiri nyumba iache kuzunguka? Mkono unatafuta meza, kiti, ukuta? Hatua zimekuwa fupi na miguu imetanuka kama mtu aliyesimama kwenye mashua? Sasa muulize kitu akiwa katikati ya safari yake, kitu cha kufikiria kidogo, uone kama anajibu huku anatembea au anasimama kwanza ndo akujibu.

Wengi wetu hayo tunayaona kila siku na hatuyasomi. Mama yangu alishika ukuta karibu mwaka mzima na sisi watoto tunapita tu tunasema ah mama kazeeka, mpaka siku alipoanguka bafuni ndo kila mtu akaanza kukumbuka, kumbe mimi niliona, kumbe na mimi niliona. Hakuvunjika kitu. Kilichomuumiza ni sisi baada ya hapo maana tulimpenda kupita kiasi, mama kaa, mama usinyanyuke, mama sema unataka nini tukuletee, na baada ya miezi kama mitatu ya kuletewa kila kitu, mtu aliyeanguka mara moja tu akawa hawezi kutoka kwenye kochi bila kuvutwa mkono. Mi si daktari wala fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo na mazoezi), ni mtoto wa mtu, nilijifunza kwa kulazimika. Na kama kuna kitu kimoja nataka ukibebe hapa ni kwamba miguu ya mzee inaishia kwenye kiti kile tunachompa kwa huruma.

Kwanini anayumba kwanza

Kusimama wima bila kuanguka ni kazi, basi tu hatuisikii. Ubongo unapokea taarifa kutoka sehemu tatu: macho yanasema nimekaaje kulinganisha na vitu vilivyonizunguka, sikio la ndani linasema kichwa kimeinama au kimegeuka, na nyayo pamoja na viungo vya miguu vinasema chini pakoje, pamelala au pana mteremko, pagumu au panabonyea. Kijana zote tatu ziko fiti, moja ikikosekana mbili zinabeba, ndo maana unapita gizani bila shida. Kwa mzee zote tatu zinafifia pamoja kidogo kidogo, lenzi ya jicho inaingia ukungu, chembe za kusikia mwendo ndani ya sikio zinapungua, unyayo unapoteza hisia, na hakuna hata moja iliyoharibika kiasi cha kumpeleka hospitali ila ukizijumlisha sasa... Zima taa. Usiku umemuondolea macho, sapatu laini au soksi zimemuondolea nyayo, kabaki na sikio peke yake na lenyewe limechoka. Kuanguka saa nane usiku njiani kwenda chooni hakuna uchawi wowote.

Alafu kuna nyama yenyewe. Msuli unaanza kupungua tangu mtu ana miaka 30 na kitu, inakadiriwa asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na ukivuka 60 kasi inaongezeka. Mbaya zaidi zinazotangulia kuondoka ni nyuzi za haraka, zile za kuruka na kukwepa, za polepole zinabaki. Ndo unakuta mzee anaweza kusimama muda mrefu tu bila kulalamika lakini akijikwaa, ule mguu unaotakiwa kutupwa mbele kumuokoa unafika umechelewa. Kujikwaa tunajikwaa wote, wewe leo pengine umejikwaa mara mbili na hukumbuki, tofauti iko kwenye hatua inayofuata.

Na ukiuangalia mwendo vizuri utaona injini iko wapi: shavu la mguu, ule msuli wa nyuma chini ya goti, ndo unaokusukuma mbele mguu wa nyuma ukiondoka ardhini. Ukilegea hatua inafupika. Mzee basi anajilinda, anakaa muda mrefu zaidi na miguu yote miwili chini (kijana ni kama asilimia 20 ya kila mzunguko wa hatua, kwa mzee inapanda), anatanua miguu, anainama kidogo, macho chini. Huo ni ujanja wa mwili na una maana yake, ila una gharama, kwasababu mguu unapopita hewani hata kwa kijana unapita juu ya sakafu kwa sentimita 1 hadi 2 tu pale unapokaribia chini kabisa, sasa mguu usionyanyuka vizuri ukingo wa zulia unamtosha.

Na ubongo nao. Kutembea kwa kijana kunajiendesha kwenyewe, kwa mzee kunahitaji akili, anatembea kama wewe unavyotembea kwenye utelezi. Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi waliandika kwenye jarida la Lancet kitu kidogo sana, kwamba wazee waliokuwa wanasimama kutembea pale mtu alipoanza kuongea nao ndo walioanguka zaidi miezi 6 iliyofuata. Kwa hiyo lile swali nililokwambia umuulize akiwa njiani ni kipimo kabisa, na ukishajua jibu lake acha kumuita akiwa kwenye ngazi.

Usimeze jibu la "ni umri tu"

Hapa nina kinyongo kidogo. Daktari mmoja alimuangalia mama dakika mbili, akasema mama ni umri, akaandika dawa ya maumivu, hata hakumwambia asimame. Kumbe theluthi moja hivi ya watu wa miaka 65 na kuendelea wanaanguka angalau mara moja kwa mwaka, na sehemu kubwa wana sababu ambayo mtu akiitafuta anaipata.

Anza na dawa. Zikusanye zote, na zile anazonunua mwenyewe, na zile za jirani, weka kwenye mfuko mmoja mpeleke nazo kwa daktari au mfamasia umuulize moja moja hii bado ya nini. Za kuangalia kwa jicho kali ni za usingizi na za kutuliza wasiwasi, za huzuni, za presha, za kukojoza, na zile za aleji za zamani zinazoleta usingizi. Mtu anayemeza aina nne au tano kila siku yuko kwenye hatari zaidi, hata kama kila moja peke yake ilitolewa kwa sababu nzuri. Ila usimwachishe mwenyewe! Kuna dawa, za usingizi hasa, ukikata ghafla unaleta balaa lingine.

Pili presha ya kusimama. Huyu anapimwa amekaa, presha nzuri, mnarudi nyumbani, akinyanyuka inaporomoka damu haifiki kichwani vizuri anaona giza. Omba apimwe akiwa amelala kama dakika 5, alafu asimame apimwe dakika ya kwanza na ya tatu, namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini ikashuka kwa 10 hiyo ni shida yenye jina na inashughulikiwa. Wakati mnasubiri miadi, mfundishe asiruke kutoka kitandani: akae ukingoni, apige visigino chini na kunyanyua vidole mara 20 hivi, ndo asimame, na akisimama ashike kitu mpaka ahesabu 10.

Tatu kizunguzungu cha kugeuka kitandani. Kama anasema nyumba inazunguka akigeukia upande mmoja au akitazama juu, na inakata ndani ya dakika moja, mara nyingi ni vichembe vya chokaa ndani ya sikio vimetoka mahali pake vikaingia kwenye moja ya mifereji mitatu ya usawa. Kuna namna ya kumlaza na kumgeuza kichwa kwa hatua ili vichembe virudi, inaitwa Epley, kwa jina la daktari Mmarekani aliyeitangaza 1992, inachukua dakika chache, na kuna watu wamemeza vidonge vya kizunguzungu miaka kwa tatizo la dakika chache. Afanyiwe na anayejua mara ya kwanza maana lazima ajue ni sikio gani.

Mengine nayapitia haraka: sukari ya muda mrefu inaua hisia za nyayo, upungufu wa vitamini B12 pia, mtoto wa jicho anatolewa na mtu anaona chini tena. Hatua za kuburuta, mkono mmoja usioyumba, miguu inayogandia sakafuni mlangoni, hiyo inafanana na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo. Miguu inayonata chini kama ina sumaku pamoja na kushindwa kubana mkojo na kusahausahau, mwambie daktari yote matatu kwa pamoja, usimpe moja moja, kwasababu kuna ugonjwa wa maji kujaa kwenye ubongo unaokuja hivyohivyo na unatibika.

Na mwendo uliobadilika GHAFLA, leo asubuhi, upande mmoja umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki vizuri, huyo hasubiri kesho. Uzee haufanyi kazi kwa saa.

Mpime nyumbani

Unahitaji kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, na stopwochi ya simu. Kaa karibu naye.

Cha kwanza akae, akunje mikono kifuani, anyanyuke mpaka wima na kukaa tena, hesabu mara ngapi ndani ya sekunde 30. Akitumia mikono ni sifuri, usimwonee huruma. Vipimo vinavyotumiwa na CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, vinasema mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, au mwanaume wa umri huo chini ya 12, miguu yake iko chini ya wastani. Kwa miaka 80 hadi 84 ni 9 kwa mwanamke na 10 kwa mwanaume. Mama yangu alipata sifuri. Ile siku sikulala.

Cha pili pima mita 3 sakafuni, weka alama. Anaanza amekaa, ananyanyuka, anatembea mwendo wake wa kila siku mpaka alama, anageuka, anarudi anakaa. Sekunde 12 na kuendelea ni ishara ya hatari ya kuanguka. Lakini mi naona zaidi ya sekunde uangalie anavyogeuka, mzee aliye imara anazunguka kwa hatua mbili tatu, anayeyumba anageuka kwa vihatua vingi vidogo kama gari linalopaki sehemu finyu.

Cha tatu kusimama. Miguu pamoja sekunde 10, kisha kisigino cha mguu mmoja kando ya kidole gumba cha mwingine sekunde 10, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kikigusa vidole sekunde 10, mwisho mguu mmoja. Usiwe mbali hata kidogo hapa. Asipomaliza sekunde 10 kwenye ile ya kisigino na vidole una kazi ya kufanya.

Ukitaka na kasi, mtembeze mita 4 ugawe kwa sekunde. Mtu mzima mwenye afya anatembea kama mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde. Uchambuzi mmoja uliotoka kwenye jarida la madaktari la JAMA mwaka 2011 ulijumlisha zaidi ya wazee 34,000 ukaona kasi ya kutembea inatabiri nani ataishi zaidi, waliofika mita 1 kwa sekunde na kuendelea waliishi kupita matarajio ya umri wao. Usimwambie mzee hiyo habari, iwe yako tu. Andika namba zote na tarehe, bandika mahali.

Sasa kazi yenyewe

Watu wakisikia mazoezi ya wazee wanasema basi atembee tembee. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa roho, ila kutembea peke yake hakumfundishi mtu kutoanguka, tena mzee anayeyumba sana ukimtuma kutembea umbali unampa nafasi zaidi za kuanguka. Kinachopunguza kuanguka ni mazoezi yanayousumbua usawa wenyewe pamoja na nguvu za miguu. Mapitio makubwa ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti nyingi pamoja, yaliona mazoezi yanapunguza idadi ya kuanguka kwa kama asilimia 23. WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020 inasema siku 3 au zaidi kwa wiki za mazoezi mchanganyiko ya usawa na nguvu. Siku 3, yaani si jambo kubwa hivyo.

Nyanyuka na kaa. Hilo ndo mama wa mazoezi yote na ukikosa muda fanya hilo peke yake. Kama hawezi bila mikono, weka mto mgumu juu ya kiti kiwe kirefu, aanze hapo, magoti yakiwa juu ya vidole vya miguu, ainamishe kifua mbele kama anachungulia kitu, ndo anyanyuke. Wengi hawanyanyuki kwasababu wanajaribu kwenda juu moja kwa moja bila kwenda mbele kwanza, ukimrekebisha hilo tu unaweza kushangaa siku hiyohiyo. Na kukaa asijitupe! Kushuka polepole kwa kuhesabu tatu ndo kunajenga paja. Mara 5, apumzike, mara 5 tena. Wiki ijayo ukiona ni rahisi punguza unene wa mto.

Visigino juu. Ashike sinki la jikoni au meza nzito, anyanyuke kwa vidole vya miguu, ashuke taratibu, mara 10. Hii ndo ile injini niliyosema. Na kinyume chake, anyanyue vidole abaki na visigino, huo msuli wa mbele ndo unaonyanyua unyayo usikwame kwenye zulia.

Kutembea kwa upande, akishika ukingo wa sinki au kaunta, hatua 5 kulia 5 kushoto. Tunasahau kwamba mifupa ya nyonga mara nyingi inavunjika mtu akiangukia ubavu, kwa hiyo misuli ya pembeni ya nyonga inahitaji kazi yake na kutembea mbele hakuipi.

Kusimama kwa shida. Unakumbuka zile hatua nne za kipimo? Zigeuze zoezi. Ile inayomyumbisha kidogo bila kumwangusha ndo ya kufanyia kazi, mikono ikielea sentimita chache juu ya sinki tayari kudaka. Akizoea, ageuze kichwa kushoto kulia. Akizoea, aongee, ahesabu kurudi nyuma kutoka 50, ataje majina ya wajukuu kuanzia mdogo. Akiwa hayumbi kabisa hajifunzi kitu, lazima ayumbe kidogo, na hapo ndo mtoto wa mtu unashikwa na woga unamshika kiuno. Usimshike. Simama karibu, mikono tayari, acha mwili wake udake wenyewe.

Na usiseme amechelewa. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wazee 10 dhaifu wanaoishi kwenye nyumba ya wazee, umri wao ni kama miaka 90, wakafanya mazoezi ya uzito wa miguu kwa wiki 8 na nguvu zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90! Upande wa pili sasa, mwaka 2007 wazee wenye afya kabisa walilazwa kitandani siku 10 tu kwa ajili ya utafiti wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Kwa hiyo mzee akilazwa hospitali kwa kitu kingine, mafua makali, chochote, muulize nesi kila siku kama anaruhusiwa kukaa kwenye kiti na kutembea mpaka dirishani, wengi wanarudi nyumbani wamepona ugonjwa wamepoteza miguu.

Acheni zoezi mkaulize kama kifua kinabana, pumzi inakata au maumivu ya kiungo yanaongezeka kila siku. Misuli kuuma kesho yake hiyo kawaida. Na kama ana fizio, mfuate fizio, achana na mimi.

Fimbo, viatu, miwani

Fimbo karibu kila mtu anaishika mkono usio wake. Mguu wa kushoto ukiuma fimbo inashikwa mkono wa KULIA na inaenda mbele pamoja na ule mguu mbovu. Watu wanabisha sana hapa lakini jaribu mwenyewe utaona inavyobeba nyonga. Urefu: asimame wima na viatu vyake, mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ndefu inampandisha bega, fupi inamuinamisha. Kipira cha chini kikiisha ni hatari kuliko kukosa fimbo. Kwenye ngazi mguu mzima unatangulia kupanda, mguu mbovu na fimbo vinatangulia kushuka.

Viatu viwe vimefunga nyuma, soli nyembamba kiasi na ngumu kidogo, kisigino kifupi. Unene mzuri laini unaoonekana wa kumstarehesha ndo unaomnyima taarifa za chini. Ndala na soksi tupu ndani ya nyumba hapana.

Miwani yenye sehemu mbili, ya juu kuona mbali ya chini kusoma, akitazama ngazi anatazama kupitia ya kusoma na ngazi inakuwa ukungu. Kama anatoka sana muulizeni mtaalamu wa macho kuhusu pea ya kutembelea ya kuona mbali tu.

Nyumba nayo, taa ya njia ya chooni inayowaka usiku kucha, chuma cha kushika bafuni kilichotobolewa ukutani kweli (kile cha kutundikia taulo hakibebi mtu), mazulia madogo ondoa, waya ondoa. Hayo yote mchana mmoja tu unamaliza.

Ukitembea naye usimvute mkono. Mpe mkono wako aushike yeye, wewe kaa upande wake dhaifu nusu hatua nyuma. Ukimshika wewe anategemea mshiko wako, akishika yeye anabaki dereva.

Akianguka

Kwanza usimnyanyue. Najua, mtu wa kwanza kufika anamdaka kwapani anavuta, na hapo ndo bega linang'oka na wewe mgongo unakatika. Muulize wapi panauma, aangalie kama anaweza kusogeza mikono na miguu. Mguu ukiwa umefupika na umegeukia nje, au hawezi kuukanyagia, nyonga hiyo, mfunike, usimsogeze, ita msaada. Akigonga kichwa na anameza dawa za kuzuia damu kuganda, hospitali hata kama anacheka na anasema yuko fresh, damu inaweza kuvuja taratibu ndani.

Kama hana jeraha, anyanyuke mwenyewe wewe ukimuelekeza. Ageuke ubavu. Ajisukume mpaka aegemee kiwiko, kisha awe kwenye mikono na magoti. Atambae mpaka kwenye kiti ulichomletea. Mikono miwili juu ya kiti, mguu wenye nguvu aukite mbele unyayo chini, ajisukume kwa mikono na huo mguu, ageuke akae. Kazi yako ni kushikilia kiti. Na hili lifanyeni mazoezi siku ambayo HAJAANGUKA, juu ya godoro jembamba, kwasababu mzee aliyewahi kujinyanyua chini anaogopa sakafu kidogo, na woga wenyewe unaangusha, mwenye woga anakaza mwili, anafupisha hatua, anakataa kutoka, miguu inaisha, anaanguka kweli. Aliye peke yake abaki na simu mfukoni, ya mezani haimsaidii mtu aliye sakafuni, kukaa chini zaidi ya saa moja kunaleta vidonda, kukauka maji mwilini na misuli kuharibika.

Na baada ya hapo muulize swali ambalo halina lawama: ulikuwa unafanya nini kabla? Ulikuwa umetoka kunyanyuka? Ulijikwaa au uliona giza? Andika. Aliyejikwaa na aliyeona giza ni wagonjwa wawili tofauti, na daktari asiyeuliza hivyo mwambie wewe.

Baada ya wiki 8 mpime tena kwa kiti kilekile, viatu vilevile. Mama alitoka sifuri akafika 4, kisha 7, sasa hivi yuko 9 na ananishtaki kwa wajukuu kwamba nahesabu polepole makusudi ili asifike 10. Juzi nimeingia nimemkuta anahesabu mwenyewe mbele ya sinki, kafika 14, na alikuwa anaruka namba.